Gari la porini alilojenga mwanangu kwa vipande, na nilichokifanya nalo kwenye arobaini ya mtani wangu

Hapana, halikuwa la mtoto.

Najua ndilo mtakaloanza nalo. "Bibi, mtu mzima anajengaje gari la kuchezea?" Basi najibu kabla hamjauliza. Lilijengwa na mwanangu Rajabu, mwanaume wa miaka arobaini na kitu, ana ndevu, ana mke, ana leseni ya kuendesha mpaka basi. Na mimi mama yake nilikaa pembeni namshikia vipande.

Haya, sasa tusalimiane. Wakuu, habari zenu. Mwajuma ananiambia humu ndani kila mtu ni mkuu. Sawa, ila walio wadogo kwangu shikamoo zenu nazisubiri.

Mimi sikupelekwa shule hata siku moja, kusoma sijui, kuandika sijui. Naongea, Mwajuma anabonyeza. Mwajuma ni mtoto wa marehemu kaka yangu, kakaa Dar miaka miwili karudi na Kiswahili cha huko: "Shangazi we tiririka tu, mi nashusha uzi." Hivyo hivyo, puani. Nimemwambia asipunguze neno, hata pale nitakapojitukana mwenyewe.

Na haya yametokea. Watu wa Kwamndolwa na Ngombezi wamo humu, nikitia chumvi watanisuta mchana kweupe.

Nianze na Maganga.

Maganga alikuwa Mnyamwezi. Baba yake aliletwa kukata mkonge enzi za mkoloni, yeye akazaliwa kambini Ngombezi, akafanya kazi kiwandani mpaka vumbi la mkonge likamkaa kifuani. Mimi Mzigua wa Handeni, niliolewa Korogwe. Wazigua na Wanyamwezi ni watani.

Kwa wasiojua: mtani anakutukana mbele za watu na huruhusiwi kununa. Anaingia jikoni kwako anafunua sufuria. Lakini kazi yake hasa iko msibani. Wenye msiba wanalia, mtani anavaa nguo za marehemu, anatembea kama marehemu, anaongea kama marehemu, mpaka watu wacheke na kamasi zinawatoka.

Mimi kuiga sauti nimejaliwa tangu mdogo. Imamu, mwenyekiti wa mtaa, mama muuza dagaa, wote ninao hapa kooni. Kwa hiyo misiba ya kwa Maganga ilikuwa yangu, na misiba ya kwetu ilikuwa yake.

Mume wangu alipofariki, kaburi lilichimbwa nyuma ya nyumba, mimi nachungulia dirishani, Maganga akaingia humo akalala chali. Akakohoa kile kikohozi chake, akasema, "Mzigua huyu mwoga, hawezi kulala peke yake. Mimi nabaki naye. Mkitaka nitoke leteni kuku."

Nilicheka wakuu. Mume wangu yuko kwenye jeneza na mimi nacheka. Sijui kama mnaelewa mtu amekufanyia nini akikuchekesha siku ile.

Huyo Maganga ndiye aliyegongwa na gari alilokuwa anaendesha mwanangu.

Rajabu alikuwa dereva wa mradi mmoja wa kupima ardhi, huko porini Handeni. Gari refu, matairi manene, lile linalopita kwenye makorongo. Mchana mmoja anashuka kutoka Handeni kuja Korogwe. Maganga yuko pembeni ya barabara na baiskeli yake, kafunga kuni nyuma, anasukuma. Gari likahama barabara. Rajabu anakata usukani kushoto, gari linakwenda linakotaka lenyewe.

Maganga hakufika hata hospitali.

Sikwenda kuzika. Mimi, mtani wake, niliyepaswa kuwa wa kwanza pale, nikajifungia ndani nikajifunika shuka mpaka usoni. Ningeingia na sura gani? Walimzika bila mtani. Watu walilisema hilo, na walikuwa na haki ya kulisema.

Rajabu alikamatwa, baadaye akatoka kwa dhamana. Polisi Korogwe wakamtaka aripoti kila wiki, kwa hiyo akamwacha mkewe Handeni na shamba la mahindi, akaja kukaa kwangu Kwamndolwa.

Wakuu, yule hakuwa mtu. Anakaa kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma, chai inapoa, nzi wanaanza kuinywa wao, yeye anaangalia mikono yake. Ukimwita, "mmh." Kama redio inayoishiwa betri.

Nikamchokoza kwa sauti zote nilizonazo. Nikamwigia mkewe: "Baba Zubeda, mahindi yameliwa na ngedere na wewe unakalia kizingiti!" Wapi. Hata mdomo haukusogea.

Sasa njooni kwenye boksi.

Kuna mzungu wa mradi aliyemwachia Rajabu boksi la vipande vya kuunganisha, akasema ni la watoto. Watoto wa Rajabu ni wakubwa, wana simu, wa kiume wana ndevu za kuanzia, nani acheze? Boksi likakaa juu ya kabati langu. Mbele lina picha ya kijiko cha matairi, kile kinachochota mchanga. Rajabu alikijenga zamani mara moja, kikakaa humo humo kinakula vumbi. Ila nyuma ya boksi, chini pembeni, kuna picha ndogo ya gari la porini. Vipande ni vile vile. Unavunja kijiko, unapata gari.

Siku moja natoka kuchuma mchicha, nikamkuta kakalia mkeka uani. Kijiko kakibomoa chote. Vipande kavimwaga kwenye ungo wangu wa kupepetea mchele.

"Unafanya nini na ungo wangu?"

"Natafuta gari, mama."

Maneno matatu! Nilikuwa sijasikia matatu kwa mpigo tangu aje. Nikaweka mchicha chini, nikakaa.

Shida ikawa moja. Kitabu kilichomo kwenye boksi ni cha kijiko tu. Cha gari hakimo, kiko mtandaoni. Mwajuma akakidaunlodi kwenye simu yake yenye skrini iliyopasuka, analalamika, "Shangazi, kurasa kibao, bando langu linaliwa hivi hivi naona!"

Lakini kitabu chenyewe wakuu, hakina maneno. Hata herufi moja. Picha tupu, mishale, na namba za kukuonyesha viwili vya hivi, vinne vya hivi. Namba nazijua, nimeuza mboga maisha yangu yote.

Kumbe najua kusoma!

Nikawa naelekeza. "We Rajabu, umechomeka pini nyeusi, wenzako wamechomeka ya bluu. Huoni? Chomoa." Anachomoa. "Hicho chenye meno kinatazama huku, wewe umekigeuzia kule kama mkwe aliyenuna. Kigeuze." Mwajuma anasema, "Injinia huyo, mwacheni." Ndicho kitabu pekee nilichowahi kukisoma mpaka mwisho. Heri nisingekisoma.

Tulikwenda nacho siku tano, kila mchana baada ya kula. Kwanza uti wa chini. Kisha springi nne za manjano, ukilikandamiza linainama linainuka kama la kweli likiingia kwenye korongo. Kisha meno ya usukani: kuna kigurudumu juu ya paa, ukikizungusha kwa vidole, tairi za mbele zinageuka. Nilikizungusha hicho mpaka Rajabu akaninyang'anya.

Na akaanza kula. Siku ya tatu alimaliza ugali na mlenda, akasogeza bakuli niongeze. Niliingia jikoni nikalia kidogo nikitazama ukuta, nikatoka na mwiko namwigia imamu anaomba dua ya chakula. Rajabu akatabasamu. Nikasema dawa ni hii, kumbe ilikuwa juu ya kabati siku zote.

Karibu na mwisho niliogopa kidogo, maana vipande vimebaki vingi kwenye ungo, na lile koleo la kijiko limekaa halina kazi.

"Tumekosea mahali?"

"Hapana mama. Hii ya pili, ya nyuma ya boksi, huwa inabakiza."

Siku ya tano. Kimebaki kijiti kimoja cha kijivu, kina tundu huku na huku. Kazi yake ni kushika tairi mbili za mbele ziufuate usukani kwa pamoja. Kwenye gari la kweli mafundi wanakiita tairodi.

Rajabu akakichukua. Akatoa wembe. Akaanza kukikata katikati.

"We! Unaharibu!"

Akakikata mpaka kikabaki kinashikana kidogo tu, kama kucha iliyoning'inia. Akakichomeka mahali pake. Akalisukuma gari kwenye mkeka, likaenda vizuri. Akalisukuma tena, likaenda. Mara ya tatu kijiti kikapinda, tairi moja ikatazama huku nyingine kule, gari likachepuka likaja kugonga mguu wangu.

"Ndivyo kilivyokuwa, mama," akasema. "Wiki nzima kilikuwa kinagonga. Kila nikikata kona, ko, ko, ko. Nikawaambia kazini, wakasema tumalize kwanza kazi ya porini. Nikaendesha. Nilijua."

Hiyo "nilijua" yake naweza kuitoa hapa sasa hivi, sauti ile ile. Sitoi. Mwajuma anabonyeza huku anafuta macho, simu italowa.

Hapo ndipo nilipomwelewa. Nilidhani anajituliza na vipande, kumbe ana safari yake. Arobaini ya Maganga ilikuwa karibu, na ndugu wa marehemu walishatuma neno: kijana aje, aseme kilichotokea, tumsikie kwa kinywa chake. Rajabu alijua akisimama mtupu mbele yao ulimi utamkwama. Alitaka kitu mkononi. Ashike hapa, aseme hapa.

"Hilo la wiki nzima usiliseme," nikamwambia. "Sema kilikatika, basi. Kukatika ni amri ya Mungu."

"Ndilo ninaloendea, mama."

"Wakisikia ulijua, watakusamehe vipi?"

"Wasiposikia, watakuwa wamemsamehe nani?"

Nikainuka nikaenda kukoka moto.

Siku ya arobaini tulifika Ngombezi asubuhi, mimi, Rajabu na Mwajuma. Gari kalibeba kwenye kapu, kalifunika na kitambaa cha meza. Dua ikasomwa, watu wakala, kisha wazee wakakaa kwenye mkeka mbele ya nyumba. Mwenye kikao ni Kasimu, mdogo wake Maganga. Mjane, Bi Tatu, yuko ndani nyuma ya pazia na wanawake wenzake, bado yumo edani.

Kasimu anaongea taratibu, kila neno analilamba kwanza ndipo alitoe. Akanigeukia mimi kabla ya Rajabu.

"Mtani. Ulituacha. Tukamzika ndugu yetu. Bila kucheka."

Nikainamisha kichwa. Nikaomba radhi. Akasema, "Tumesikia. Haya. Kijana aseme."

Rajabu akalitoa gari akaliweka katikati ya mkeka. Wazee wakasogea. Mmoja akauliza, "Ndilo hili?"

"Mfano wake, babu."

Akaanza. Wakuu, mwanangu hakutetemeka. Siku zote zile za "mmh," na pale sauti inatoka imenyooka kabisa. Huu ndio usukani, wazee wangu. Hizi ndizo tairi. Hiki kijiti ndicho kinachozishika. Akaweka kidole juu yake.

"Sasa hiki kijiti, wazee wangu, hakikuanza siku ile. Wiki nzima..."

Hapo ndipo nilipoingia mimi.

Niliona shingo ya Kasimu inakaza. Niliona, au nilidhani nimeona. Moyoni nikamwona mwanangu ana pingu. Nikawaona vijana wa pale wanainuka na mawe. Na mimi duniani kitu ninachokijua ni kimoja tu, kuwachekesha watu wenye msiba. Kasimu mwenyewe si amesema hawakucheka? Nikaona nikiigeuza iwe utani, hilo neno litapita katikati ya kicheko na hakuna atakayeliokota.

Nikalinyakua gari. Kofia ya Maganga ilikuwa kwenye msumari pale ukutani, nikaivaa. Nikakohoa kile kikohozi, cha kuanzia tumboni.

"Mzigua we! Miaka yote unanitukana, mdomo ukachoka, ukaona bora unitumie gari?"

Mtu mmoja nyuma akapasuka kucheka. Basi nikapata nguvu. Nikalipitisha gari kwenye mkeka, kijiti kikapinda, gari linayumba kama limetoka kilabuni. Mimi nyuma yake nasukuma baiskeli ya hewa, mkono kiunoni, nakohoa, "Nipisheni, nipisheni! Wazigua wamejifunza kuendesha!"

Wakacheka wote. Kasimu alicheka mpaka akainamia magoti, anafuta macho kwa kanzu. Sauti ilikuwa ya Maganga kabisa, haijawahi kunitoka vile. Kwa muda kidogo mimi mwenyewe nilimsikia yuko pale, nikafurahi. Nasema kweli, nilifurahi.

Nikamtupia jicho Rajabu. Bado kainamisha kidole pale pale kilipokuwa kijiti, na gari halipo.

Wakuu, nasimama hapa kidogo. Kilichobaki ni kifupi, na nikishakisema sitaki kuongeza neno, Mwajuma nimemwambia akifika hapo azime simu. Kwa hiyo yale ya mwisho wa uzi nayasema sasa.

Kesi bado inaendelea. Rajabu alirudi Handeni. Siku zake za kuripoti anakuja Korogwe, anaondoka, kwangu hapiti. Hanichukii, ningejua. Hana tu cha kuniambia. Lile gari lilibaki kwenye mkeka wa watu, sijui walilifanya nini, na sijauliza. Vipande vilivyobaki bado vimo kwenye ungo. Mchele siku hizi napepetea kwenye sinia.

Somo langu ni hili. Mtoto wako akishalibeba neno lake zito mpaka amefika nalo mbele za watu, mwache alitue mwenyewe. Mimi nilimnyang'anya nikasema namwokoa. Na nilikuwa najiokoa mimi, nisilisikie likisemwa kwa sauti mbele ya ndugu zake Maganga. Yeye alikwenda kuomba. Mimi nikawapa maigizo.

Wanyamwezi mliomo humu, Wasukuma, Wazigua wenzangu, hata Wasambaa mnaojifanya hamna watani, semeni. Kuna njia ya kurudi Ngombezi? Natanguliza nani? Narudi kama nani? Na ninyi madereva, mngelimsikiliza kijana wangu mpaka mwisho, mngesemaje? Pole sitaki, ninazo ndoo nzima hapa mtaani. Nipeni maneno. Na wa kutukana atukane, nimezoea, ila asijifiche kwenye majina ya ajabu ajabu.

Haya.

Watu bado wanacheka. Pazia likafunguka, Bi Tatu akatoka, na nguo zake nyeupe za eda, mbele ya wanaume wote ambao hawakupaswa kumwona. Kicheko kikakatika kuanzia mlangoni mpaka kikanifikia mimi. Akaja. Akanivua kofia kichwani, taratibu, kama unavyomvua mtoto aliyelala. Halii. Sauti yake ni ile ambayo sijawahi kuiweza, kavu, haina pa kuishikia.

"Mwanahawa," akasema, "mtani anachezea maiti aliyoikuta. Hii mmeileta wenyewe."